Kutoka treni 24 hadi 6

Mchana wa leo hapa Mbeya, nje ya stesheni ya TAZARA, ubishi ulikuwa mkali: kwa nini New York wachimbe handaki jipya chini ya mto Hudson wakati la zamani bado linapitisha treni?

Jibu liko kwenye hesabu ya saa moja.

Handaki la sasa lilifunguliwa 1910. Lina mirija miwili, kila mmoja una njia moja ya reli. Asubuhi linaingiza Manhattan, katikati ya New York, hadi treni 24 kwa saa.

Oktoba 2012, kimbunga Sandy kikalijaza maji ya bahari.

Maji yalitolewa, chumvi ikabaki. Mpaka leo inakula zege na nyaya za umeme. Kulikarabati handaki vizuri lazima mrija ufungwe.

Sasa sikilizeni. Ukifunga mmoja, hazibaki 12.

Zinabaki kama 6!

Sisi wa reli ya njia moja tunajua sababu: za huku zikipita, za kule zinasubiri hadi ya mwisho itoke. Na TAZARA angalau ina stesheni za kupishana. Chini ya mto hakuna pa kupishana.

Kwa hiyo mirija miwili mipya inatangulia, ndipo ya zamani ikarabatiwe mmoja mmoja. Yote minne ikifanya kazi, msongamano utahamia Penn Station, stesheni ya Manhattan zinakoingia treni hizo, yenye njia 21 zilizojaa tayari. Hapo ndipo naona kazi ngumu zaidi.

Ndugu zangu wa Makambako na Mlimba mnaopanga kupishana kwa treni kila siku, ninyi mngeanzia wapi: handaki au majukwaa ya stesheni?