Pikapu yangu ilinuka petroli kila alfajiri, na fundi hakuisikia hata siku moja

"Kabureta hiyo, mzee." Fundi wa kwanza aliniambia hivyo kabla hata ya kufungua boneti. Wa pili naye akasema kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Jirani yangu, ambaye umri wake wote amesukuma mkokoteni wa maji, naye akaja na kikombe chake mkononi akasema kabureta. Nikatoa elfu nne na ushee, ikafunguliwa, ikaoshwa, ikatiwa sindano mpya, ile inayoizuia petroli isifurike, na gasketi. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri napiga stata: petroli hiyoo, imejaa ndani kana kwamba nimelala sheli.

Gari lenyewe ni Hilux ya zamani, injini ya 22R. Hulibebesha madafu na ndizi kutoka huku Likoni, Mombasa, hadi soko la Kongowea. Harufu ilidumu dakika tano, kumi ikizidi. Nikifika kwenye foleni ya feri, harufu imekwisha. Nikilipeleka kwa fundi Changamwe, analiwasha, ananusa, anacheka. "Mzee, labda pua." Mara ya tatu alinishauri nitafute kabureta nyingine kabisa, ya mtumba, anajua mtu anayeziuza. Sikushangaa kuwa anamjua.

Sasa, siku moja foleni ya feri ilikuwa ndefu mpaka ikanichosha. Tunasogea kidogo, nazima. Tunasogea, nawasha. Nilipiga stata mara saba au nane siku ile na petroli sikuisikia hata chembe. Nikakaa pale na kashata yangu mdomoni nikajiona mjinga. Likiwa limechemka halinuki! Na fundi wangu hajawahi kuliona likiwa baridi. Nalitoa Likoni, navuka feri, nakata mji mzima hadi Changamwe, likifika kwake ni kama mtu wa homa za usiku anayepelekwa hospitali adhuhuri.

Kabureta inayofurika kwa sindano kutofunga haichagui baridi wala moto, tena plagi hutoka nyeusi zimelowa. Zangu zilikuwa kavu, rangi ya udongo. Nikachomoa na stiki ya oili nikainusa, maana kwenye injini hii pampu ya petroli imefungwa kwenye silinda hedi, na utando wake ukitoboka petroli huweza kushukia kwenye oili. Oili ilinuka oili.

Basi usiku nikatandaza kartoni kubwa chini ya injini. Alfajiri nikakuta doa bichi, saizi ya sahani. Furaha niliyokuwa nayo! Nikamwamsha mke wangu aje ashuhudie. Nikapiga magoti, nikaliinamia doa, nikavuta pumzi ndefu kama mtu anayenusa udi. Mkojo wa paka. Mke wangu alirudi kulala akicheka ukutani, na hadi leo akipita paka uani huniambia, "Mwenzangu, fundi wako huyo."

Ila kartoni ilinifunza jambo: chini hakudondoki kitu. Petroli hailii usiku, inalia pampu ikianza kusukuma. Na ikidondokea silinda hedi inayoanza kupata joto inakauka kabla jicho halijaiona.

Nikachukua poda ya mtoto. Usiku gari likiwa limepoa nilifuta mipira yote ya mafuta kwa kitambaa kikavu, kuanzia kwenye pampu hadi kwenye kabureta na ule wa kurudisha tangini, halafu nikaipaka poda nyembamba, hasa kwenye maungio. Nikachomoa waya mdogo wa umeme unaoingia kwenye koili, ili injini izunguke bila cheche. Hapo usiwe na haraka. Ndoo ya mchanga ilikuwa karibu, na jiko la mke wangu nililihamisha mpaka nyuma ya nyumba, akanuna. Anayevuta sigara mfukuze, hata awe shemeji yako.

Alfajiri kijana wangu akaingia ndani. "Baba, nipige?" "Piga!" Stata ikalia. Namulika kwa tochi ndogo, natazama huku, hakuna. Natazama kule, hakuna. "Piga tena!" Nyuma ya pampu, mahali ambapo ili uone ni lazima ulaze shavu juu ya fenda, poda nyeupe ikaanza kugeuka kijivu. Mstari mwembamba ukatambaa kutoka chini ya klipu, polepole, kama sisimizi. Nilipiga ukelele hadi kijana akadhani nimekatwa na feni.

Nikaufungua mpira ule. Kumbe si mpira wa petroli. Fundi mmoja wa zamani alikuwa ameweka ule wa plastiki wa kuonyesha ndani, ambao mafundi wa ujenzi hupimia levo! Umegeuka rangi ya chai ya mkandaa, mgumu kama mfupa. Ukipata moto unalegea na kushika vizuri. Ukipoa unakakamaa na kuacha mwanya. Presha ya pampu hii ni ndogo, haifiki hata pauni tano kwa inchi ya mraba, lakini mwanya ni mwanya.

Mwembe Tayari nilinunua futi tatu za mpira wa petroli wenyewe, ule mweusi wenye nyuzi ndani, na klipu sita. Mia saba hivi, pamoja na soda. Nilibadilisha yote, maana aliyeweka huo mmoja sikumwamini na mingine.

Kipande cha zamani nilikipeleka Changamwe, nikamwekea fundi juu ya meza yake ya kazi. Akakigeuza, akakipinda, kikavunjika mkononi.

"Si nilikwambia, mzee," akasema. "Ilikuwa hapo hapo karibu na kabureta."