Kutoka uhamali wa Shela hadi taarifa ya saa moja

Watu wa kwetu Amu, yaani Lamu, hupenda kuniuliza nilimjua nani Nairobi hata nikawa msomaji wa habari kwenye runinga. Jibu langu huwa haliwaridhishi: sikumjua mtu. Nilichokuwa nacho ni mazoea ya kusoma kwa sauti, na mazoea hayo niliyapata Mkunguni, uwanja wa mjini kwetu, nikiwa hamali.

Baba alitutoka nikiwa darasa la saba. Mama aliuza mahamri na mbaazi, akanifikisha kidato cha pili, kisha karo ikamshinda. Wakati huo wageni walikuwa wakijenga majumba Shela, kijiji cha kisiwani kwetu, na kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari, mchanga na mawe huteremshwa kutoka mashuani na kubebwa na punda. Wa kuwapakia ni vijana kama mimi. Sitaipamba kazi ile. Mgongo wangu bado unaikumbuka.

Alasiri nilipita Mkunguni, mbele ya ngome. Wazee wa barazani walikuwa na Taifa Leo, mara nyingi la jana, ila macho yao yalishachoka na herufi ndogo. Nikawa msomaji wao. Wakali! Nikiruka koma, mmoja huuliza, "Mwanangu, wasoma au wakimbizwa?" Nikiborongeka kwenye jina la nchi, narudia sentensi nzima. Ni wao walionizoesha kutanguliza jicho mbele ya neno ninalolitamka, nijue pumzi nitaikata wapi. Na habari ya msiba wakanikataza kuililia. Kulia, walisema, ni haki ya msikilizaji. Chuoni baadaye niliyakuta mambo hayohayo, safari hii kwa karo.

Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alikuja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia kuzindua mradi wa bandari na barabara wa LAPSSET. Wanahabari walijaa mjini, nami nikawabebea masanduku ya kamera: uhamali uleule, malipo bora. Sherehe ilipokwisha, wakaondoka. Wavuvi wa Faza na Kizingitini, waliohofia kupoteza maeneo yao ya kuvua, wakabaki bila wa kuwasikiliza. Nilikuwa nimeomba namba ya mpiga picha mmoja. Nikaanza kumtumia habari zao kwa simu. Muda si muda kituo kimoja kikanipokea kama mwandishi wa mashinani, wa kulipwa kwa habari iliyorushwa hewani tu. Isiyorushwa, nauli ya boti ni hasara yako mwenyewe. Wanaosifu uvumilivu wa waandishi hawa wangeanza kwa kuwarudishia nauli.

Kwa pesa hizo za kudunduliza nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi, kisha nikaingia KIMC, chuo cha mawasiliano ya umma, pale South B, Nairobi.

Kilichonifungulia studio ni kesi ya wavuvi walewale. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoletewa na ujenzi wa bandari. Niliijua kesi ile tangu mwanzo, basi nilipounganishwa mubashara nilieleza bila kutazama karatasi. Mhariri akaniita Nairobi kujaribiwa.

Usiku mmoja nikisoma taarifa, teleprompta, ile skrini inayomwonyesha msomaji maneno, ilikwama katikati ya habari ya bajeti. Mezani huwa naweka nakala ya karatasi, na jicho langu lilikuwa limeshalivuka neno lililokwama. Nikainamisha kichwa, nikaendelea. Prodyusa alinong'ona sikioni, "Twende hivyohivyo," na tukaenda hivyohivyo mpaka michezo.

Sasa wanagenzi wakiletwa kwangu, siwapeleki kwenye kamera. Nawapa gazeti, wanisomee kurasa mbili, mimi nimefumba macho. Baadhi huchoka mapema, wakahamia kwa mwenzangu wa spoti, ambako kelele zinaruhusiwa.