Kumsikiliza Proof, si Eminem

Mvua imetufungia ndani leo, nikaiweka Devil's Night, albamu ya kwanza ya D12, kundi la rap la Proof na Eminem, nikaisikiliza yote. Nilijipa sharti moja: masikio yasimfuate Eminem.

Sharti gumu hilo. Ilipotoka Juni 2001, maskani kwetu hakuna aliyeiita albamu ya D12. Ilikuwa "kanda mpya ya Eminem", basi. Na ukisikiliza utaelewa kwa nini. Jamaa alikuwa ametoka kutikisa dunia mwaka mmoja nyuma kwa The Marshall Mathers LP, albamu hii ndiyo ya kwanza kutolewa na lebo yake ya Shady Records, na humo ndani yumo karibu kila wimbo: anachana, anaimba viitikio, anashiriki kutengeneza biti. Wenzake watano wanapishana mlangoni kama wageni kwenye nyumba yao wenyewe.

Maana nyumba ni yao. D12 lilikuwepo Detroit tangu katikati ya miaka ya 1990, na aliyelikusanya ni Proof, yule aliyekuwa akiendesha mashindano ya mitindo huru pale Hip Hop Shop, duka la nguo la barabara ya Seven Mile. Walikuwa sita, kila mmoja akajipa jina la pili, wakatimia kumi na wawili. Waliahidiana kwamba atakayetoka kwanza atarudi kuwachukua wengine. Ahadi za namna hiyo hata sisi tulipeana tukiwa madogo kibarazani. Eminem aliitimiza. Wiki ya kwanza albamu iliuza nakala zaidi ya 370,000 Marekani ikashika namba moja. Lakini sauti yake ilishakuwa kubwa mno kukaa sawa na za wengine, na sidhani kama kuna fundi mitambo ambaye angeweza kuirekebisha mizani ile.

Proof mwenyewe hagombani naye. Hapigi kelele, hajaribu kuchekesha, anaingia, anashusha mistari yake, anapisha. Zamani nilidhani hana kipaji kikubwa. Leo nadhani alikuwa mwenyeji. Bizarre, mwingine wa kundi, siku hizi namruka. Utani wake juu ya wanawake umeoza, na wala si yeye peke yake humo.

Kinachonishika zaidi hakimo humu, kimo kwenye albamu yao ya pili, D12 World ya 2004: kipande kifupi kinachoitwa "Bugz '97". Bugz alikuwa mmoja wa kundi, akapigwa risasi Mei 1999 kwenye pikiniki ya kisiwa cha Belle Isle, kabla hawajapata chochote. Nafasi yake akaingia Swift. Wakaiweka sauti yake ya zamani karibu na mwisho wa albamu hiyo. Kijana anachana tu kwa raha zake, hajui kitu.

Kuna jambo nimeligundua leo kwa kuangalia tarehe. Wiki mbili tu kabla ya Devil's Night, rapa Nelly naye alitoka na kundi lake la St. Louis, St. Lunatics. Albamu yao ya kwanza waliiita Free City, wakidai mwenzao City Spud aachiwe huru. Huyo ndiye anayesikika na Nelly kwenye "Ride Wit Me", wimbo ukivuma redio zote naye yuko gerezani, alitoka 2008. Mwezi mmoja, nyota wawili wakubwa wa mwaka 2000, kila mmoja amewarudia wana wa mtaani, na kila mmoja amekuta kiti kimoja kitupu.

D12 walirudi 2004, na kwenye "My Band" wakaugeuza mzaha ule ukweli kwamba watu wanamwona mmoja tu. Proof akauawa Aprili 2006 kwenye klabu ya barabara ya 8 Mile. Albamu ya tatu haikutoka mpaka leo, ingawa nyota alikuwa hai na pesa zipo.

Ukiniuliza nani alinufaika vizuri na ile ahadi, nitamtaja Kon Artis, mmoja wa wale sita. Alichana kwa wastani, lakini alikuwa prodyuza, na miaka miwili baada ya Devil's Night biti yake ndiyo iliyombeba 50 Cent kwenye "P.I.M.P." Watu waliicheza kwenye harusi hapa bila kumjua aliyeipika. Free City nitaiweka kesho, umeme ukiwepo.