Vidole vitatu vya mzee Lin Sanzhi

Nanjing, Jumapili usiku

Leo nimeshinda Pukou, ng'ambo ya mto Yangzi, kwenye kilima cha Qiuyushan ilikojengwa nyumba ya kumbukumbu ya Lin Sanzhi. Nilikuwa na shauri moja tu: kuyaangalia maandishi yake ya uzeeni, yale ya baada ya mwaka 1970, na kuyaangalia kwa karibu mpaka pua iguse kioo. Naandika sasa hivi, kabla usingizi haujanipitia.

Kwa wasiomjua: mzee huyu alizaliwa mwaka 1898 na kufariki Desemba 1989, na Wachina wengi wanaoijua sanaa ya brashi humhesabu kuwa bingwa wa caoshu wa karne iliyopita, yaani ule mwandiko wa mbio ambao herufi nzima inaweza kumalizwa bila brashi kuinuliwa. Mwaka 1970, kwenye sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, alikwenda kuoga kwenye hamamu ya umma huko Wujiang. Akateleza, akatumbukia kwenye maji ya moto. Umri wake ulishapita miaka sabini. Aliungua vibaya, akalazwa kwa miezi, na alipotoka hospitali vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimeharibika. Gumba, cha shahada na cha kati viliokoka. Cha pete na cha mwisho vilijikunja kiganjani, havikunyooka tena.

Asiyewahi kushika brashi ya Kichina anaweza kudhani vitatu vinatosha. Kalamu ya kawaida, sawa. Lakini brashi husimama wima, na vidole vyote vitano vina kazi: gumba, cha shahada na cha kati vinaishika, cha pete kinaisukuma kutoka upande wa ndani, na kidogo kinakiunga mkono cha pete. Ukiondoa viwili hivyo, brashi inakosa egemeo, inayumba. Nimejaribu mwenyewe mezani jioni hii. Mstari mmoja tu mfupi wa kulala, nao ulinishinda.

Sasa rudini kwenye kioo. Brashi aliyoipenda ilikuwa ya manyoya ya mbuzi, marefu na laini mno, ambayo hata mwenye mkono mzima huona taabu kuitawala. Alichovya wino mzito, kisha akachovya maji, ndipo akaandika. Kwa hiyo herufi ya kwanza inaanza kwa weusi, na pembeni mwa kila mkwaju, yaani kila pigo moja la brashi, maji yametangulia mbele ya wino na kuacha ukungu wa kijivu ndani ya karatasi ya Xuan, ile ya Kichina inayonyonya wino. Halafu haongezi wino. Anaendelea, herufi baada ya herufi, mpaka mstari unakauka na kupasuka, weupe wa karatasi unaonekana katikati yake kama uzi wa katani uliofumuka. Na bado haukatiki! Nilisimama mbele ya safu moja nikafuata mstari kwa jicho kutoka juu hadi chini, nikitafuta mahali mkono ulipolegea. Sikupaona. Kwa maoni yangu, vidole vilipomwacha alihamishia kazi kwenye bega na mkono mzima, ndiyo maana mistari ya uzeeni imekuwa mirefu na haina madoido. Wengine watabisha, ila mimi hivyo ndivyo nilivyoona.

Ule ufundi wa wino na maji chanzo chake ni Huang Binhong, mchoraji ambaye Lin alimfuata Shanghai mwaka 1929 ili awe mwanafunzi wake. Huang alimfundisha namna za kuutumia wino, na akamsisitizia asome sana na asafiri sana. Mwaka 1934 Lin akafunga safari ya miezi kadhaa kupitia milima ya mikoa mingi ya China, akichora na kutunga mashairi. Baadaye kidogo maisha yakampeleka kwingine: miaka ya 1950 alikuwa naibu mkuu wa wilaya ya Jiangpu. Mambo ya ofisi hayo siyasemi sana. Ninachokitaka ni kwamba brashi hakuiweka chini. Aliendelea kunakili maandishi ya mawe ya enzi ya Han, hasa lile jiwe la Liqi la mwaka 156 lililoko Qufu, tena na tena hadi uzeeni.

Na caoshu yenyewe? Mwenyewe ameandika kwamba aliielekea kwa dhati baada ya kutimiza miaka sitini. Sitini! Kabla ya hapo alikuwa akijenga msingi: maandishi ya enzi za Tang, Wei na Han, kisha mwandiko wa kati ambao haukimbii wala hausimami. Sifa kubwa zilimfikia Januari 1973, toleo la Kijapani la jarida la Renmin Zhongguo lilipochapisha maandishi yake, miezi michache baada ya China na Japani kurejesha uhusiano. Umri huo wenzake wengi walishastaafu au walishazikwa.

Jambo lililonigusa zaidi si sifa hizo. Uzeeni masikio yalikufa kabisa, kwa hiyo wanafunzi walimwandikia maswali kwenye vikaratasi naye akawajibu kwa kuandika. Vikaratasi hivyo vilitunzwa. Yaani mazungumzo yake yenyewe yalipita kwenye mkono uleule uliolemaa, na hakuunyima mtu.

Katika darasa letu la brashi wanafunzi wengi, nami nikiwamo, tunaikimbilia caoshu kwa sababu inapendeza machoni na inaonekana huru. Mwalimu wetu huwa hasemi kitu, anatazama karatasi tu kisha anaikunja. Kesho nitamwomba anirudishe kwenye jiwe la Liqi, mkwaju wa kwanza, polepole. Caoshu nitakutana nayo nikifika sitini.