Siku moja maishani mwangu: fundi wa kapasita, Viwandani Nairobi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jogoo Road imeshajaa magari. Nashuka City Stadium na kuingia Lusaka Road kwa miguu, begi la vipimo vya umeme mgongoni.

Saa moja na nusu niko getini, kiwanda cha mabomba ya plastiki. Mhasibu ananingoja na bili mbili mkononi. "Fundi, mashine ni zilezile, zamu ni zilezile, mbona stima imepanda?" Namwonyesha mstari wa kVA, yaani umeme wote ambao kebo hubeba, unaofanya kazi na usiofanya. Mteja wa viwandani hulipia kVA pia, si yuniti peke yake, na Kenya Power hutaka pawa fakta, yaani sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli, isishuke chini ya 0.9, ikishuka, kuna tozo juu ya bili. Yao imeshuka.

Kinachoiinua ni kapasita, na hili ndilo linalonikera kuihusu. Mota ikiungua, kazi inasimama na kila mtu anapiga simu. Kapasita ikifa hakuna kinachosimama, watu hulipa tu, mwezi baada ya mwezi.

Saa tatu, mashine zote zikiwa kazini, napima kwenye swichi kuu: kW 300, yaani umeme unaofanya kazi, na kVA 353. Pawa fakta 0.85. Kijana wa mazoezi niliye naye anauliza hizo 53 za ziada zinaenda wapi. Haziendi popote. Mota inahitaji sumaku ndani yake ili izunguke, na umeme wa kujenga sumaku hiyo huingia na kurudi bila kusukuma chochote, lakini kebo na transfoma lazima ziubebe. Kapasita hubadilishana umeme huo na mota palepale kiwandani, usisafiri kutoka kwenye laini. Namwonyesha pia mota ya mashine ya kusaga mabaki, inayozunguka bure muda mrefu. Mzigo ukipungua, umeme wa sumaku haupungui, ndiyo maana mota isiyo na kazi ina pawa fakta mbaya kuliko zote.

Saa nne tunafungua kabati la kapasita. Joto linanipiga usoni: vichujio vya feni vimeziba kwa vumbi la plastiki. Kuna ngazi 8, yaani makundi ya kapasita yanayowashwa moja moja, kila moja kVAr 25 (kipimo cha ule umeme wa sumaku), lakini hiyo ni kwa volti 440. Kwa volti 415 za hapa, kila ngazi hutoa 22 hivi, yaani kama ampea 31 kwa kila fezi. Kidhibiti kinachoziwasha na kuzizima kinaonyesha zote zimewaka. Napitisha klampu ya kupima ampea waya kwa waya: 31, 30, 31, kisha 2, 0, 3. Ngazi 4 zimekufa, na vifuniko vya mikebe yake ya kapasita vimefura. Tunazima, tunasubiri zaidi ya dakika 3 chaji iishe, kisha napima volti kabla ya kugusa. Kipingamizi cha kumwaga chaji nacho kinaweza kuwa kimekufa, kwa hiyo kila mkebe napima.

Hesabu inakubali. Kufika 0.95 wanahitaji kVAr 87 zaidi; ngazi 4 mara 22 ni 88. kVA zingeshuka hadi 316.

Saa saba, chapati na maharagwe kibandani.

Saa nane mhasibu anataka tununue mikebe ileile leo leo. Nakataa. Tangu kabati liwekwe, kiwanda kimeongeza inveta za kudhibiti mwendo wa mota, na inveta huleta hamoniki, yaani mikondo yenye hezi nyingi kuliko 50 za laini. Napima, na ile ya tano, hezi 250, iko juu sana. Kapasita isiyo na kinga hukaribisha mkondo huo na kupikika. Dawa ni riakta ya asilimia 7, koili inayofungwa pamoja na kapasita, inayoshusha mwangwi (hezi ambazo mkondo hupita kwa wingi zaidi) hadi hezi 189, chini ya ile ya tano. Lakini riakta hiyo huipandishia kapasita volti hadi kama 446, kwa hiyo zinatakiwa za volti 480. Na zile 4 nzima zitabadilishwa pia, maana sitachanganya zenye riakta na zisizo nayo.

Ni ghali zaidi, na meneja analalamika. Namwambia ukweli: za bei rahisi angezinunua tena.

Saa kumi, fundi wa zamu, mzee aliyekaa hapa miaka mingi, anauliza atajuaje zikifa tena. "Mzee, usiiamini taa ya kidhibiti, amini klampu." Tunakubaliana: kila Jumatatu apime ampea za fezi zote tatu, kila ngazi, aandike kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Vichujio vya feni ameshaanza kuvipuliza kabla sijafunga begi.