Mama Yako Alizaliwa Wapi? Sheria za Uhamiaji na Sisi Watu wa Mpakani

Watu wengi wakisikia habari za sheria za uhamiaji hufikiria pasipoti, uwanja wa ndege na mgeni aliyezidisha siku za viza. Kwetu tuliozaliwa Kyela, wilaya ya Tanzania inayopakana na Malawi, sheria hizo ziko karibu zaidi: zimo shambani, msibani, na mezani kwa mtendaji wa kijiji. Ninaishi Mbeya mjini, lakini karibu kila nirudipo nyumbani namkuta ndugu anayehangaika kutafuta karatasi ya kuonyesha kwamba yeye ni wa hapa. Nimeisoma historia ya sheria hizi kwa sababu hiyo, na nimefikia kuamini kwamba Tanganyika ililijibu swali la nani ni raia kwa haki kuliko nchi nyingi, ila swali la nani athibitishe, na athibitishe kwa kitu gani, liliachwa bila jibu la haki hadi leo.

Mpaka wenyewe ulichorwa mbali na sisi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na sehemu ya mstari huo ikafuata Mto Songwe. Wanyakyusa wakabaki upande mmoja na Wangonde wa Karonga, Malawi ya leo, upande wa pili, ilhali walikuwa wakioana, wakizikana na kuelewana kwa lugha. Huko juu, Wanyiha na Wanamwanga nao waligawanywa vivyo hivyo, ndiyo maana hadi leo familia moja inaweza kuwa na nyumba Tunduma, Tanzania, na nyumba nyingine Nakonde, Zambia. Mto nao haujatulia, kwani katika uwanda wa chini Songwe huhama njia yake wakati wa mafuriko, na shamba lililolala upande huu likaamkia ng'ambo. Serikali za Tanzania na Malawi zina mpango wa pamoja wa bonde la mto huo, na kuhamahama kwa mpaka ni moja ya sababu za mpango huo kuwapo.

Katika enzi ya ukoloni nani aingie na nani atolewe kulitegemea matakwa ya mtawala. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwafukuza walowezi wa Kijerumani na kuuza mali zao, wakawaruhusu kurudi mwaka 1925, kisha vita vya 1939 vilipoanza wakawakamata tena. Miaka michache baadaye maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliotoka Urusi kupitia Uajemi, walipokelewa Tanganyika, na katika nyanda zetu hizi walikaa Ifunda na Kidugala. Wakati huohuo Mwafrika alivuka mipaka kama nguvu kazi. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya, yaliwavuta watu kutoka Nyasa (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na vijana wa Rungwe nao walikwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia na, kupitia Wenela, shirika lililoajiri vibarua wa migodini, kwenye dhahabu ya Afrika Kusini. Watu hao walioa, walizaa, na wengine hawakurudi. Hakuna aliyewaambia kwamba siku moja mahali alipozaliwa mtoto pangekuwa jambo la kisheria.

Siku hiyo ilifika mwaka 1961. Mwezi Oktoba, katika mjadala mkali bungeni, wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika pekee, na Julius Nyerere akawapinga waziwazi, akitishia hata kujiuzulu, kwa hoja kwamba uraia hauwezi kupimwa kwa rangi ya ngozi. Alishinda. Kanuni iliyopita ilikuwa fupi: aliyezaliwa Tanganyika, na ambaye angalau mzazi wake mmoja alizaliwa Tanganyika, akawa raia moja kwa moja tarehe 9 Desemba 1961. Aliyezaliwa hapa na wazazi wote wawili wa kutoka nje alipewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa. Huwa tunaikumbuka kanuni hii kwa habari za Wahindi wa Dar es Salaam na uamuzi wao wa kuandikishwa au kutoandikishwa, lakini iliwagusa pia watu wa huku. Mtoto aliyezaliwa Chunya na baba na mama waliotoka Nyasa hakuwa raia mpaka aombe, na mchimbaji asiyejua kusoma angehitaji kwanza kujua kwamba anatakiwa kumwombea mwanawe uraia wa nchi ambayo mtoto huyo hajawahi kutoka.

Hata hivyo, angalieni jinsi sheria ilivyokuwa laini kwa wengine. Mzazi mmoja alitosha. Hapo ndipo ninapomkumbuka mama yangu mdogo wa Ipinda. Wakati watu wote walipohimizwa kupata namba ya kitambulisho cha taifa ili laini zao za simu zisajiliwe kwa alama za vidole kabla ya kufungwa Januari 2020, alikwenda kujiandikisha akiwa na cheti chake cha ubatizo cha Kanisa la Moravian, kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, kingo zimelika na wino wa jina la baba umefifia.

"Bibi, mama yako alizaliwa wapi?" aliulizwa.

"Karonga, mwanangu. Aliolewa huku."

Alisema kweli, na kweli hiyo ilimweka kando. Fomu yake ilirudishwa akalete uthibitisho zaidi, akaambiwa angalau alete cheti cha kuzaliwa cha baba yake, aliyezaliwa Ipinda kabla ya vita. Cheti hicho hakikuwahi kuwapo. Wakati wa ukoloni usajili wa vizazi haukuwa wa lazima kwa Waafrika, na kwa hiyo mama huyu alidaiwa karatasi ambayo serikali yenyewe haikuwaandikia watu wengi wa kizazi kile. Kisheria asingehitaji kuulizwa habari za mama yake hata kidogo, kwa sababu baba wa Ipinda alitosha tangu mwaka 1961. Laini yake ilifungwa, na pamoja nayo pesa alizokuwa akitumiwa na wanawe kwa simu. Namba aliipata baadaye sana, baada ya wazee wa kijiji kwenda kumtolea ushahidi.

Sitaki ieleweke kwamba maofisa hawana kazi ya maana. Wana kazi ngumu. Barabara kuu inayopita Makambako na Mbeya kwenda Tunduma ni njia ya vijana wa Ethiopia wanaotafuta Afrika Kusini, na wanaowasafirisha ni watu wasio na huruma. Juni 2012 miili ya zaidi ya vijana 40 ilikutwa Dodoma, wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori. Wanaonusurika hukamatwa, hushtakiwa kwa kuingia nchini bila kibali, na wengi wamefungwa katika magereza yetu, mbali na kwao na bila ndugu wa kuwatembelea. Sheria inawaita wahamiaji haramu, na jina hilo limehamia vinywani mwa watu. Dereva wa bodaboda anaogopa kumbeba kijana asiyejua Kiswahili, na mama mwenye nyumba anaogopa kumpa maji, kwa kuwa adhabu ya kuwasafirisha au kuwahifadhi ni nzito. Naelewa hofu hiyo, lakini inaniuma kwamba imegeuka tabia ya kumchunguza kila mtu mwenye lafudhi ngeni, na katika wilaya ya mpakani lafudhi ngeni mara nyingi ni ya mjomba.

Sheria tulizonazo sasa, ile ya uraia na ile ya uhamiaji, zote za mwaka 1995 pamoja na marekebisho yake, zimeboresha mambo kadhaa. Zamani mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alirithi uraia kwa baba tu. Sasa anaweza kuurithi kwa mama pia, na kwa familia zilizotawanyika hadi miji ya migodi ya Zambia hilo si dogo. Lakini ndoa imebaki na upande mmoja. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake maalumu ya kuomba uraia, ilhali mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Binti wa Kyela akiolewa na kijana wa Karonga na wakaamua kuishi kwa wazazi wa binti, mume anabaki mgeni wa kuomba kibali cha ukaazi, asipopata uraia kwa njia ya kawaida ya wageni wote, hata kama watoto wao wote wako shule ya msingi ya kijiji. Katika wilaya ambako watu huoana kuvuka mto kama desturi, ubaguzi huo unavunja nyumba, na Bunge lingeweza kuuondoa kwa kubadili kifungu kimoja.

Kuna pia kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia, ambacho kwa maneno yake kinaonekana kumpa uraia kila aliyezaliwa nchini tangu siku ya Muungano, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wachache wengine. Katika utekelezaji lakini hudaiwa kwamba mzazi mmoja awe raia. Mwananchi wa kawaida hawezi kuishi vizuri kati ya maneno yaliyoandikwa na maneno yanayosemwa dirishani, na ningependa wanasheria wetu wa Mbeya walipeleke jambo hili mahakamani wapate tafsiri moja.

Kwa watoto wa sasa hali imeanza kuwa nzuri. Mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, wa kuwasajili walio chini ya miaka mitano ulianza kutekelezwa mkoani Mbeya mwaka 2013, na mama hupata cheti cha mtoto bure kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata badala ya kusafiri hadi wilayani. Waliobaki ni bibi na babu zao. Kwa hao ninapendekeza kiapo cha wazee watatu wa kijiji, pamoja na daftari la ubatizo pale lilipo, vikubaliwe kwa maandishi kuwa uthibitisho kamili wa mahali mzazi alikozaliwa, na ofisa anayekataa ushahidi huo aandike sababu zake na kumpa mwombaji nakala.