Ukuta wa treni mikononi mwangu

Leo karakanani mwalimu ametuwekea mezani kipande cha ukuta wa behewa la treni ya mwendokasi.

Nikajikaza, nikakishika kwa mikono miwili.
Kikanyanyuka kama kikapu kitupu!

Na kweli ndani ni kitupu. Mabamba mawili membamba ya alumini, katikati mbavu zilizopangwa kwa pembetatu. Nikachungulia tunduni, nikaona mwanga wa dirisha upande wa pili.
Nilishindwa kukiweka chini.

Kwa ujazo uleule, alumini ina takriban theluthi moja tu ya uzito wa chuma. Na ukuta huohuo ndio unaohimili msukumo wa hewa treni ikiingia handakini kwa kasi!

Vidole bado vinakumbuka ule wepesi.

Wewe, ni kitu gani ulikishika kikakushangaza hivi? Niambieni.